Madawati si fidia: wananchi, wafanyakazi na kampuni mkoani Tanga

Ukitaja kampuni inayowajibika kwa jamii hapa Tanga, wengi huona picha ileile: bango limefungwa, meneja na kiongozi wa serikali wanashikana mikono, nyuma yao madawati mapya yamepangwa. Madawati ni kitu chema, na mtoto aliyekuwa akisoma amekaa sakafuni hana sababu ya kuyakataa. Ila kampuni iliyoyatoa inaweza kuwa inafanyisha vibarua wake kazi saa 11 kwa siku bila malipo ya ziada, au imechukua shamba la mtu na fidia haijatoka. Hapo madawati hayajamlipa mtu deni lake. Kinachonisumbua katika juhudi za serikali za kuhimiza biashara yenye utu ni kwamba msaada hupigiwa ngoma, na deni huachwa lipigwe danadana.

Kimataifa jambo hili limetulia tangu Juni 2011, pale Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu. Ni kanuni 31 zenye nguzo tatu. Serikali ina wajibu wa kuwalinda watu dhidi ya madhara ya biashara. Kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki hata mahali ambapo sheria imelegea. Na aliyeumizwa lazima apate njia ya kutendewa haki. Hakuna nguzo ya madawati. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba kampuni ikifanya jema upande mmoja, jema hilo halifuti madhara iliyoyafanya upande mwingine.

Nchini kwetu Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa tathmini ya hali halisi mwaka 2017, ambayo ndiyo hatua ya mwanzo ya kuandaa mpango kazi wa taifa wa biashara na haki za binadamu. Kenya ilitengeneza mpango wake wa 2020–2025, na Uganda ikazindua wake 2021. Mpango wa taifa ni muhimu kwa sababu wizara zinazohusika ni nyingi, na kila moja hutazama kipande chake: Katiba na Sheria, Kazi, Madini, Ardhi, Nishati, Mazingira. Lakini mtu wa Kiomoni au Ngombezi hana haja ya kusubiri mpango. Sheria zenye meno tayari zipo. Watu hukosa haki zao kwenye tarehe na karatasi.

Nianze na hayo madawati, maana kwa kampuni za madini hata hayo si hisani. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyorekebishwa 2017, kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, aukubaliane na halmashauri, na uzingatie vipaumbele vya jamii inayomzunguka. Mawe ya chokaa yanayochimbwa Pongwe, Maweni na Amboni kwa ajili ya saruji na chokaa ni madini kama dhahabu ya Geita. Kwa hiyo kifungu hiki kinatuhusu.

Kinachoharibika ni hiki. Kijiji hakina orodha ya vipaumbele iliyopitishwa na mkutano mkuu. Mpango unaandikwa ofisini, diwani anauona siku ya kikao, na kijiji kinachopokea vumbi na mtikisiko wa baruti kinaambulia rangi ya zahanati iliyo kata nyingine. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi 3. Vipaumbele vitatu au vinne vikiandikwa kwenye muhtasari, vikasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, vikapelekwa halmashauri kabla mwaka haujaanza na nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa, inakuwa vigumu mtu kusema hakujua wananchi wanataka nini. Baada ya hapo ombeni mchanganuo wa gharama. Darasa lililojengwa kwa milioni 18 likiandikwa milioni 30 kwenye taarifa ya kampuni, wananchi wamepunjwa milioni 12 bila kujua. Na nyufa za nyumba zisiingizwe kabisa kwenye mpango huu. Nyumba iliyopasuka kwa baruti ni madhara ya kulipwa kando, na ushahidi wake ni picha za kuta zilizopigwa kabla ya ulipuaji kuanza, zenye tarehe. Picha za baada ya tukio peke yake huishia kwenye ubishi kwamba ufa ulikuwepo.

Ardhi ina mambo mengi zaidi, na Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki limeyaleta mlangoni. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Linatoka Kabaale, Hoima, na mkoani kwetu linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza mpaka rasi ya Chongoleani, Tanga mjini. Mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi linamopita, una upana wa mita 30. Bomba ni mfano mmoja tu. Barabara, nguzo za umeme mkubwa na upanuzi wa viwanda hufuata sheria zilezile za utwaaji.

Fidia ya ardhi kisheria inatakiwa iwe kamili, ya haki na ya haraka. Watu wengi wanalijua neno fidia kama bei ya shamba na miti basi. Kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 zinataja mafungu kadhaa, na kila moja lina hesabu yake. La kwanza ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, yaani nyumba, kisima, minazi, michungwa, mikarafuu. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo na wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12 katika benki za biashara. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba kama hiyo kwa mwezi, mara miezi 36. Mwenye biashara mahali hapo hulipwa faida halisi ya mwezi, mara miezi 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20.

Chukua mfano wa mtu wa Muheza mwenye nyumba, miti na kiduka, vyote vimethaminiwa shilingi 6,000,000. Tuseme wastani wa riba ni asilimia 8; posho ya usumbufu ni 480,000. Nyumba kama yake hupangishwa 40,000 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni 1,440,000. Kiduka kinamwachia 100,000 kwa mwezi baada ya gharama; kwa miezi 36 ni 3,600,000. Jumla ni 11,520,000 kabla ya usafiri. Aliyedhani fidia yake ni milioni 6 angesaini na kushukuru, na karibu nusu ya haki yake ingebaki mezani. Posho ya makazi na ya faida hulipwa pale ambapo mtu alikuwa anakaa au anafanya biashara. Shamba tupu halina mafungu hayo, na ni vizuri kulijua hilo mapema ili watu wasidanganyane vijiweni.

Kwa fungu la faida, kiduka kisicho na daftari hakina faida ya kuonyesha. Leseni, risiti za manunuzi na daftari la mauzo, hata la mkono, ndivyo vinavyomfanya mthamini aandike namba. Kwa miti, kinachosahaulika ni miche. Mthamini akipita haraka anahesabu michungwa mikubwa na kuacha midogo iliyojificha kwenye mihogo. Hesabu miti yako mwenyewe siku moja kabla, ukiwa na mjumbe au jirani, andika aina, idadi na ukubwa, kisha linganisha na fomu ya uthamini kabla ya kusaini. Omba nakala ya fomu hiyo siku hiyohiyo. Usipokubaliana na hesabu, andika pingamizi kwenye fomu yenyewe juu ya saini yako, halafu peleka barua kwa mtendaji, halmashauri na ofisi ya malalamiko ya mradi. Kila nakala igongwe muhuri na tarehe.

Kukosa hati si kukosa haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa haki miliki ya kimila hadhi sawa na haki inayotolewa kwa hati ya serikali. Kinachowakwamisha watu mara nyingi ni mirathi. Mzee alifariki, shamba halikugawanywa, na jina linaloandikwa ni la kaka mkubwa kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Fedha ikiingia kwenye akaunti yake, mama na dada wanaanza kufuata haki yao ndani ya familia, na hiyo ni kesi ngumu kuliko ya kudai kampuni. Dawa ni kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema: kikao cha ukoo, muhtasari wake, cheti cha kifo, kisha mahakama imteue msimamizi. Mara alama za kwanza za mradi zinapoonekana kijijini, anzeni.

Halafu kuna muda. Chini ya sheria ya uthamini ya 2016, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe. Ikichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2 bila malipo, uthamini ule unakufa na unatakiwa mwingine mpya kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo tarehe ya idhini ndiyo ya kuiulizia kwa maandishi. Wapo watu waliokaa muda mrefu wakiambiwa wasipande mazao ya kudumu wala kukarabati nyumba, nao hawana hata karatasi moja yenye tarehe ya kuanzia kudai riba. Serikali ingeweza kulimaliza hili kwa agizo rahisi: tarehe ya idhini ibandikwe ofisi ya kijiji au mtaa, pamoja na siku ya mwisho ya malipo.

Kwenye kazi, Tanga ina historia ndefu kuliko mikoa mingi. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na tangu enzi za manamba mashamba haya yamekula nguvu za watu kutoka kila pembe. Hadi leo mkonge na chai za Tanzania zimo kwenye orodha ya Wizara ya Kazi ya Marekani ya bidhaa zinazohusishwa na ajira ya watoto. Hilo ni jambo la aibu, na ni la soko pia, kwa sababu mnunuzi wa nje anaisoma orodha hiyo. Sheria yetu inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari haziruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kukata mkonge ni kazi ya hatari: miiba ya ncha za majani hulenga macho, utomvu huwasha ngozi, na korona, mashine ya kusindika majani, isipokuwa na kinga hula mikono.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku wala siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na haziwezi kuzidi 50 katika kila wiki 4. Likizo ya mwaka ni siku 28, uzazi siku 84 kwa malipo, na 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Hayo yanajulikana kiasi. Yasiyojulikana ndiyo yangewasaidia vibarua zaidi.

La kwanza, mkataba wa mdomo haumwachi kibarua mikono mitupu. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa maelezo ya ajira kwa maandishi, na kukitokea mgogoro akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa juu yake. La pili, kampuni ikisema huyu si wetu, ni wa wakala, sheria ina vipimo vyake: nani anapanga saa na namna ya kazi, nani anatoa vifaa, na kama mtu amemfanyia kazi huyo anayedaiwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 ya mwisho. Mkataji aliyekuwa shambani kila siku anafikisha saa hizo ndani ya wiki moja. La tatu, kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali huanza baada ya miezi 6, lakini miezi hiyo huhesabiwa kwa mwajiri mmoja hata kama mikataba ilikuwa zaidi ya mmoja. Mtindo wa kuwapa watu mikataba ya miezi 3 mfululizo haufuti hesabu.

Sasa siku. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, ina siku 60. Siku zinaanza pale uamuzi wa mwisho wa mwajiri ulipotolewa, na hapa ndipo madai mengi hufa. Mtu anaambiwa aje Jumatatu, bosi amesafiri; anatuma mzee amwombee; anasubiri mwisho wa mwezi. Mazungumzo hayo ni ya kiungwana lakini hayasimamishi siku. Jaza fomu CMA F1 kwanza, mpe mwajiri nakala, chukua uthibitisho kwamba ameipokea, kisha wasilisha Tume. Hakuna ada. Mazungumzo na bosi yaendelee baada ya hapo. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda kwa fomu CMA F2 akieleza sababu ya kila siku iliyopotea. "Nilikuwa nafuatilia kwa mwajiri" huwa haitoshi.

Kosa jingine la kawaida ni jina. Watu humshtaki meneja, au hutumia jina ambalo shamba linaitwa mtaani. Jina linalotakiwa ni lile lililosajiliwa, na linapatikana kwenye hati ya mshahara, kitambulisho cha kazi au taarifa ya michango ya NSSF. Tuzo, yaani uamuzi wa Tume, ikitolewa dhidi ya jina ambalo halipo kisheria haina wa kumkamata.

Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Aliyeumia kazini ana njia yake tofauti, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri wa sekta binafsi huchangia asilimia 0.5 ya mishahara, na mchango huo haukatwi kwa mfanyakazi. Ajali iripotiwe kwa mwajiri mara moja, kwa maandishi, na mwajiri naye airipoti kwenye Mfuko. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara. Mwajiri anayempa majeruhi pesa ya mkononi na kumwomba asiripoti anamnyima mambo mawili, matibabu ya muda mrefu na pensheni ikiwa ulemavu utabaki. Familia zisikubali.

Kwa wakulima wadogo wa mkonge wanaopeleka majani kupitia vyama vya ushirika Korogwe, haki kubwa ni kuona makato. Hati ya malipo ionyeshe uzito wa singa, yaani nyuzi za mkonge, daraja lake, gharama ya kukata, kusafirisha na kusindika, kila moja kwenye mstari wake. Singa ni kama asilimia 4 tu ya jani, kwa hiyo tofauti ndogo kwenye kipimo inakula mapato ya msimu. Sehemu kubwa iliyobaki ni taka na maji yenye asidi, ambayo yakiachiwa yaende mtoni huwaumiza walio chini. Hale waliwahi kuonyesha kwamba taka hizo huzalisha gesi ya kuendeshea jenereta. Kiwanda kinachosema hakina la kufanya na taka zake kisisikilizwe kirahisi.

Ngazi zote za nyumbani zikishindikana, watu hutaka kwenda mbali, na huko pia tarehe ndizo zinazoamua. Asasi zilizofungua kesi kuhusu bomba katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwezi Novemba 2020 ziliambiwa mwaka 2023 kwamba zilichelewa, kwa kuwa mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 tu tangu kitendo kufanyika au kujulikana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo Arusha, mlango wake kwa Mtanzania binafsi umefungwa: serikali ilijiondoa mwaka 2019 kwenye tamko lililoruhusu watu na asasi kufungua kesi moja kwa moja. Serikali inayohimiza kampuni ziheshimu haki ingerudisha tamko hilo. Sioni hoja yenye uzito dhidi yake.

Ufaransa ina sheria ya 2017 inayozilazimisha kampuni zake kubwa kuzuia madhara hata kwenye shughuli zao za nje, na Juni 2023 Waganda 26 pamoja na asasi walifungua dai Paris dhidi ya TotalEnergies, mbia wa Kifaransa katika bomba. Kesi ya awali ilikuwa imekataliwa Februari mwaka huohuo kwa sababu za utaratibu. Njia nyepesi zaidi ni ofisi za malalamiko ambazo nchi zinazofuata miongozo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, zinatakiwa kuwa nazo. Huhitaji wakili wala ada. Unaandika jina la kampuni, ilichofanya, tarehe, mwongozo uliovunjwa, ushahidi, na unachotaka kirekebishwe. Ofisi huita pande zote mezani. Haina nguvu ya kutoza faini, ila kampuni zenye wanahisa na mabenki ya Ulaya huliogopa tamko lake.

China na India hazijajiunga na miongozo hiyo, na kampuni zao zipo hapa Tanga. Kwa mfanyakazi au jirani wa kampuni hizo njia ni za nyumbani tu: CMA, mahakama, mamlaka ya serikali ya mazingira, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko bure, kwa barua au kwa mdomo. Tume hiyo hutoa mapendekezo, na kampuni au idara isipoyatekeleza inaweza kwenda mahakamani kuyasimamia. Uwezo huo utumike. Na maofisa kazi wapewe magari na mafuta ya kufika mashambani Mwelya na Magoma bila kumtaarifu meneja siku tatu kabla.